KUKUTANISHA UKOO ULAYA: NYUMBA YA KULALA ICHAGULIWEJE?

Katika miaka ya hivi karibuni swali moja limekuwa likiletwa mara kwa mara katika ofisi za matawi yetu ya mashamba ya miwa na ya chai, swali ambalo wazee waliotutangulia katika chama hawakulijua. Mwanachama anaingia, anaketi, anaweka simu yake mezani na kusema: "Ndugu katibu, watoto wako Ulaya. Mmoja Uingereza, mmoja Ubelgiji, mmoja Sweden. Wanataka tukutane sote huko kabla mama yao hajaishiwa nguvu za miguu. Wanasema tutafute pamoja hoteli yenye utulivu. Sasa mimi mkata miwa nitaijuaje hoteli ya Ulaya?"

Wapo wanaocheka wakisikia maneno hayo. Husema jambo la hoteli za Ulaya ni la matajiri, halihusu chama cha wafanyakazi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Jamaa zetu wametawanyika, wengine kwa vita vya miaka ya 1970 na 1980, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi ya kuosha na kulisha wazee wa watu wengine. Na yule anayeuliza kwa nini wasirudi tu nyumbani ndipo mkutanike chini ya mwembe, hana budi kujua kwamba mtu mwenye hati ya ukimbizi haruhusiwi kusafiri nayo kwenda katika nchi aliyoikimbia. Kwa mtu huyo, kama mama haji kwake, hawataonana.

Mwaka uliopita nilialikwa kukaa katika kamati ya ukoo mmoja wa wanachama wetu hapa Uganda, si kwa kuwa nilikuwa najua sana, bali kwa kuwa walitaka mtu wa kuandika kumbukumbu. Walikuwa watu 26: sita wa huku nyumbani pamoja na jaja mwenyewe, tisa wa Uingereza, saba wa Ubelgiji, na wanne wa Sweden. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata katika vikao vile, na mengine katika safari nilizotumwa na chama.

UTULIVU WA NANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Huku kwetu hoteli ni mahali pa kula chapati na maharagwe. Ulaya hoteli ni mahali pa kulala, na chakula huenda kikawapo au kisiwepo. Ukisikia bei ya chumba, uliza upesi kama ni pamoja na chai ya asubuhi, au chai na chakula cha jioni, au milo yote mitatu. Hapo ndipo watu wengi hupotelea.

Pili, vijana wa ukoo ule walipoandika kwamba wanataka utulivu, kila mtu alikuwa na utulivu wake kichwani. Mkwe wa Sweden alitaka msitu na ziwa. Vijana wa Uingereza walitaka hoteli ya pwani yenye bwawa la kuogelea. Jaja alipoulizwa alisema anataka mahali ambapo hatapanda ngazi na ambapo atasikia watu wake wakizungumza. Nikawauliza: je, watu 26 wenye watoto wadogo tisa, wanaoimba asubuhi na kubishana usiku, wakiingia katika hoteli yenye wageni wengine, nani atakuwa anamvurugia mwenzake utulivu? Wakanyamaza.

Jambo hili si mzaha. Ujerumani, kwa mfano, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni muda wa kimya, na Jumapili nayo ni siku ya kimya. Jirani anaweza kuita polisi kwa ajili ya ngoma, na polisi wakaja. Katika nyumba za watawa za Italia na kwingineko zinazopokea wageni, ambazo ni safi, rahisi na tulivu kweli kweli, lango hufungwa usiku kwa saa maalumu, na aliyechelewa hulala nje. Nyumba hizo zinamfaa mzee na binti yake wawili. Ukoo mzima hazitauweza.

Kwa hiyo basi, shauri langu kwa ukoo wowote unaozidi watu 15 ni hili: msitafute hoteli tulivu, tafuteni nyumba ya kwenu peke yenu mahali palipo na nafasi, mlipe nyumba nzima. Kelele zenu zitakuwa za kwenu, na ukimya wenu pia.

NYUMBA ZILIZOJENGWA NA WAFANYAKAZI

Hapa ndipo nilipofurahi mimi kama mtu wa chama. Sehemu kubwa ya nyumba za mapumziko za Ulaya zinazoweza kupokea watu wengi kwa bei ya kadiri hazikuletwa na matajiri. Zililetwa na wafanyakazi waliopigania likizo, kisha wakajiuliza watalala wapi.

Mwaka 1895 mjini Vienna, mwalimu mmoja wa shule, Georg Schmiedl, alitoa tangazo katika gazeti la wafanyakazi akiwaita watu wanaopenda kwenda milimani. Miongoni mwa walioitika walikuwamo mhunzi Alois Rohrauer na mwanafunzi Karl Renner, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Austria. Wakaunda chama cha Naturfreunde, yaani Marafiki wa Maumbile. Wakati ule milima ilikuwa ya wenye mali na wawindaji wao, na mfanyakazi alifanya kazi siku sita kwa wiki. Mwaka 1907 walifungua nyumba yao ya kwanza huko Tirol, iitwayo Padasterjochhaus. Utawala wa Hitler ulipiga marufuku chama hicho Ujerumani mwaka 1933, Austria ikafuata mwaka 1934, na nyumba zao zikanyang'anywa. Baada ya vita waliziomba tena na kujenga nyingine. Leo wana mamia ya nyumba katika Ujerumani, Austria, Uswisi, Ufaransa na nchi nyingine, na mgeni asiye mwanachama hupokelewa pia, ila hulipa zaidi kidogo.

Ufaransa mambo yalikuja kwa kishindo. Mwezi wa Mei na Juni 1936 wafanyakazi waliingia viwandani na kukaa humo bila kufanya kazi, hata matajiri wakaketi mezani. Sheria ya Juni 20 mwaka ule ikampa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Naibu waziri Léo Lagrange akaleta tiketi ya treni iliyopunguzwa asilimia 40, na mamia ya maelfu ya watu wakaiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 52 juu ya likizo ya malipo, siku sita za kazi kwa mwaka. Na Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970 ukapandisha hadi wiki tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wafaransa wakaanzisha vijiji vya likizo vya familia, VVF, ambavyo vipo hadi sasa, vyenye vyumba vya familia, jiko, na watu wa kuchezesha watoto. Uswisi nako vyama vya wafanyakazi pamoja na waajiri waliunda mfuko wa Reka mwaka 1939, wenye hundi za safari na vijiji vya likizo. Ujerumani ya Mashariki ilikwenda mbali zaidi, kwani chama cha wafanyakazi chenyewe ndicho kilichogawa nafasi za likizo; mpango huo ulikwisha nchi ilipoungana mwaka 1990.

Ziko pia hosteli za vijana, zilizoanzishwa na mwalimu Richard Schirrmann, ambaye mwaka 1912 alifungua ya kwanza ya kudumu katika ngome ya Altena. Msidanganywe na jina. Siku hizi nyingi zina vyumba vya familia na hupokea wazee. Lakini uliza mapema habari ya mashuka: kwingine hutolewa, kwingine hukodishwa, na kwingine unatandika na kutandua mwenyewe.

Nimeyataja haya kwa sababu vijana wetu walioko Ulaya wenyewe hawayajui. Wanafungua simu, wanaona hoteli inayong'aa, wanalipa. Nyumba ya Naturfreunde haing'ai. Ina meza ndefu za mbao, vyoo vya pamoja, na mara nyingi mgeni hufagia mwenyewe kabla ya kuondoka. Mtu aliyekulia katika kambi ya shamba hatashindwa na hilo.

VISA KWANZA, HOTELI BAADAYE

Ukoo ule ulitaka kwanza kukutana Uingereza, kwa kuwa ndiko waliko wengi. Nikawaomba tuandike majina yote na hati ya kila mmoja. Ikaonekana hivi: Uingereza ina visa yake peke yake. Sita wa Uganda wangehitaji visa hiyo, na wa Sweden mwenye hati ya ukimbizi naye angeihitaji. Lakini nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, zina visa moja. Mwenye hati ya ukimbizi ya Sweden huingia Ubelgiji au Ujerumani bila visa kwa ziara isiyozidi siku 90, na wenye pasipoti ya Uingereza hali kadhalika. Wawili tu wa Uingereza walikuwa bado na pasipoti ya Uganda, nao wakaomba visa hukohuko waliko. Hesabu hiyo ndiyo iliyochagua nchi. Hoteli nzuri katika nchi ambayo mmoja hawezi kuingia si hoteli nzuri.

Mambo ya visa ya Schengen ni haya, na yaandikeni. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mtoto wa chini ya hapo halipi. Ukinyimwa hurudishiwi. Kwa watu wazima sita wa ukoo ule ilikuwa euro 540 kabla hata ya kununua tiketi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Jibu hutoka kwa kawaida katika siku 15, ila laweza kufika siku 45. Ukikataliwa, lazima upewe sababu kwa maandishi, na una haki ya kukata rufaa. Pia ulizeni kwanza ni ubalozi gani unaopokea maombi ya Uganda kwa nchi ile, kwani nyingine hazipokei Kampala.

Ubalozi utataka kujua mtalala wapi. Hapo pana mtego. Ukilipia nyumba yote kabla ya visa, na visa ikakataliwa, pesa imekwenda. Jamaa mmoja wa kiwanda cha chai aliuza ng'ombe wawili na kupeleka malipo yote kwa hoteli ya pwani, akanyimwa visa, na hoteli ikamwonyesha mstari mdogo chini ya karatasi unaosema hakuna kurudisha. Kwa hiyo mwenye nyumba aandike kwamba visa ikikataliwa malipo ya kwanza yatarudishwa, au angalau yatahamishiwa tarehe nyingine. Asipokubali, tafuteni mwingine. Ubelgiji pia ina karatasi ya dhamana ambayo ndugu aliyeko huko huipeleka kwa ofisi ya mtaa wake akionyesha mshahara wake. Iliwasaidia sana hawa sita.

Na yeyote atakayekuja shambani akisema anaweza "kupitisha" visa kwa malipo ya pembeni, mleteni ofisini tumsikilize mbele ya mashahidi.

Kuhusu ruhusa ya kazini: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka. Mkata miwa yule aliambiwa na msimamizi wake kwamba likizo ya kwenda Ulaya haipo katika sheria. Ni kweli haipo. Ipo likizo tu, na aendako mtu katika likizo yake si kazi ya msimamizi. Alipewa, na barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi na siku za likizo aliipeleka ubalozini, kwani ubalozi hupenda kuona kwamba mtu ana kazi ya kurudia.

NANI ANATANDIKA KITANDA?

Nilipotumwa Geneva kwa mkutano, niliwekwa katika hoteli karibu na kituo cha treni. Asubuhi ya pili nilimkuta mlangoni mwanamke akisukuma kitoroli cha mashuka, akanisalimu kwa Kiswahili cha Bukavu. Tulizungumza dakika tatu tu, kwani alikuwa anahesabiwa vyumba. Akaniambia kwamba katika jimbo lile wananchi walipiga kura Septemba 2020 na kuweka kima cha chini cha mshahara, faranga 23 kwa saa. "Mzee," akasema, "hiyo ndiyo iliyonitoa katika kazi mbili."

Utulivu wa mgeni mara nyingi ni jasho la mtu asiyeonekana. Mjini Paris, tarehe 17 Julai 2019, wanawake wapatao 20 wa hoteli ya Ibis Batignolles, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika, waligoma. Walikuwa wameajiriwa na kampuni ya kati, si na hoteli yenyewe, na walisukumwa kusafisha vyumba vingi mno kwa saa. Mgomo ule na mapambano yake vilichukua miezi 22, hadi mkataba wa Mei 2021 uliowapa nyongeza na kupunguza kasi ya kazi. Mmoja wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alichaguliwa kuwa mbunge wa Ufaransa mwaka 2022. Mtu wa shamba ataitambua habari hiyo mara moja: kwetu huitwa kipande, kwao huitwa chumba.

Na si kufanana tu. Shirikisho la kimataifa la IUF, lililoanzishwa mwaka 1920 na lenye makao Geneva, linaunganisha vyama vya wafanyakazi wa chakula, kilimo, hoteli na mikahawa. Tangu mwaka 1994, liliposhikana na shirikisho la wafanyakazi wa mashamba, mkata miwa na mtandika kitanda wako chini ya paa moja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua hoteli, mwambieni kijana wenu aliyeko huko aulize maswali mawili: je, wasafishaji ni waajiriwa wa hoteli au wa kampuni ya kati? Je, kuna mkataba na chama? Meneja mwenye jibu safi hujibu haraka.

WALICHOCHAGUA

Baada ya vikao vinne, na maneno makali mawili matatu ambayo sikuyaandika katika kumbukumbu, ukoo uliamua Ubelgiji, katika vilima vya Ardennes. Sababu zilikuwa nyingi. Treni kutoka London hadi Brussels huchukua saa mbili hivi. Walioko Ubelgiji walikuwa tayari kutoa dhamana. Na Ardennes, pande za La Roche na Durbuy kando ya mto Ourthe, kuna nyumba kubwa za mawe zinazokodishwa nzima kwa watu 20, 30 na zaidi, zenye jiko kubwa.

Msimu ulileta mabishano. Julai na Agosti ni msimu wa likizo, na bei hupanda. Septemba ni nafuu, lakini watoto wako darasani. Wakachagua wiki ya kwanza ya Julai, siku za katikati ya juma badala ya mwisho wa juma, na bei ikashuka vya kutosha kulipa basi dogo la kumpokea jaja uwanja wa ndege.

Michango ilipangwa kwa uwezo, kama tunavyopanga katika chama. Mwenye mshahara wa Ulaya alilipa kitanda chake na nusu ya kitanda cha mtu wa nyumbani. Mkata miwa alilipa ada ya visa yake, naye alisisitiza kuilipa. Kwangu hiyo ilikuwa haki: mtu asiye na mchango kabisa hukaa kikaoni kama mgeni.

Mwenye nyumba aliandikiwa barua yenye maswali, nami nayataja yale yaliyotufaa. Je, kuna chumba cha kulala cha chini kisicho na ngazi, na choo karibu? (Nyumba tatu ziliangukia hapo.) Je, bei ina mashuka, umeme, kuni, na usafi wa mwisho, au hayo hulipwa mbali? Je, kuna kodi ya mgeni kwa kila kichwa kila usiku? Dhamana ya uharibifu ni kiasi gani, na hurudishwa lini? Je, kelele zina kikomo? Nyumba nyingine za huko zimefungwa kipima-sauti kwa sababu ya vijana wanaokuja kulewa, na sauti ikizidi hukatwa dhamana. Mwenye nyumba hii alijibu kwamba ndani waimbe watakavyo, nje mwisho saa 4 usiku.

Chakula walipika wenyewe. Msibebe nyama wala maziwa wala samli kutoka nyumbani, kwani forodha za Umoja wa Ulaya huvitupa. Matunda na mboga mbichi zinadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa hiyo matoke ya jaja yaliingia Brussels kihalali kabisa, kilo kumi na mbili, na ofisa aliyeyakagua aliuliza tu yanapikwaje. Sigiri ya makaa isiwashwe ndani ya nyumba za Ulaya zilizofungwa madirisha. Moshi wake usioonekana unaua.

Mmoja kati ya sita hakupata visa, kijana wa miaka 22 asiye na mkataba wa kazi, kibarua wa msimu. Amekata rufaa. Huyo ndiye aliyefanya kamati ikumbuke kwamba Kanuni za Ajira za mwaka 2011 hazimruhusu mwajiri kumweka mtu katika ukibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Yeye alikuwa na miezi kumi na minne. Shauri lake la mkataba liko mezani pa tawi hivi sasa, pamoja na ya wenzake saba wa gengi lile.

Wanachama wengine wenye barua za mwaliko wazilete ofisini Jumamosi asubuhi, pamoja na nakala ya pasipoti, barua ya likizo, na karatasi yoyote ya hoteli waliyotumiwa, hata kama iko kwa lugha ya kigeni, kabla hawajalipa chochote.